Mionzi na Dripu kwa Pamoja: Wiki Nane za Mgonjwa wa Saratani



Katika somo la toleo hili tunazungumzia jambo ambalo limekuwa likirudi mezani katika vikao vya diakonia: mgonjwa wa saratani anayeandikiwa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, na kuelezwa kwamba huko atapewa mionzi na dawa za dripu katika kipindi kimoja. Maswali yanayoulizwa ni yale yale. Je, matibabu hayo yanaponya kweli? Kwa nini yanamdhoofisha mtu hadi ndugu wanaona heri wasingempeleka? Na fedha za mfuko zinazotolewa kwa safari hiyo zinafanya kazi gani? Tumeona ni vema kuyajibu kwa kirefu, kwa kuwa jibu la swali la tatu linategemea majibu ya mawili ya kwanza, na kwa maoni yetu swali hilo la tatu ndilo tunalolijibu vibaya zaidi katika mifuko yetu.

Tutatumia saratani ya mlango wa kizazi kama mfano. Ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ikiwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka na vifo zaidi ya 6,000, na ndiyo ambayo mionzi na dripu kwa pamoja vimekuwa matibabu yake ya kawaida pale inapokuwa imesogea mbele kiasi cha kutofaa kwa upasuaji.

Ugonjwa unavyoanza

Saratani hii husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Watu wengi hukipata na mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki, na baada ya miaka 10, 15 au hata 20 hugeuza chembe za mlango wa kizazi kuwa saratani. Mwanamke anayeishi na Virusi vya UKIMWI ana uwezekano mara sita zaidi wa kuipata. Dalili ni kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, kutokwa damu kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, uchafu wenye harufu kali ukeni, na baadaye maumivu ya kiuno na miguu kuvimba. Damu ya mama aliyekoma hedhi si hedhi iliyorudi. Tunalisitiza hili kwa sababu tafsiri hiyo ya kuwa "ujana umerudi" imewachelewesha wengi.

Kuhusu kinga tutasema kwa ufupi tu, kwa kuwa inastahili somo lake. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 utaratibu ukabadilishwa ili dozi moja itolewe kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa mama aliyekwisha kuwa mtu mzima, upimaji kwa siki, ambao hauumizi na huchukua dakika chache, unaweza kuona mabadiliko kabla hayajawa saratani na yakatibiwa bila kumpeleka mtu Dar es Salaam.

Kwa nini viwili kwa pamoja

Mionzi imetumika kutibu saratani hii kwa zaidi ya miaka mia moja, tangu dunia ilipoijua radiamu. Hupiga ndani ya chembe na kukata vinasaba vyake, hivyo chembe hushindwa kuzaliana. Lakini chembe za saratani ni sugu. Nyingine hujiunga tena na kuendelea kukua kati ya siku moja ya mionzi na inayofuata.

Mkulima wa ngoro kule Umatengo atalielewa jambo hili upesi. Akifyeka majani mlimani hayaachi juu ya udongo wenye unyevu, kwa maana anajua yatashika mizizi upya. Huyapanga kwa miraba, kisha huchimba shimo katikati na kuyafunika kwa udongo hadi yaoze. Mionzi ndiyo kufyeka. Dawa ya dripu, ambayo kwa ugonjwa huu mara nyingi ni sisplatini, ndiyo udongo unaofunika: hujishika kwenye vinasaba vilivyokatwa na kuvizuia visijitengeneze. Aidha, dawa hupita katika damu na kufika mahali ambapo mionzi haikuelekezwa, ingawa kwa dozi ndogo ya kila wiki kazi yake kubwa ni ile ya kuisaidia mionzi.

Sisplatini yenyewe iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1965 mtafiti Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa kutumia vipande vya madini ya platini, yale yale ya pete za gharama. Bakteria wakaacha kugawanyika. Ilimchukua muda kugundua kuwa haukuwa umeme uliowazuia, bali platini iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo. Kufikia mwaka 1978 dawa hiyo iliruhusiwa kutumika kwa wagonjwa.

Inasaidia kiasi gani

Hapa tunaomba wasomaji wetu, hasa wafadhili, wasome taratibu, kwa sababu kuna kishawishi cha kuahidi zaidi ya ukweli.

Mwezi Februari 1999, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatumia madaktari tangazo la pekee. Majaribio matano yaliyofanywa kwa uangalifu yalionyesha kuwa wanawake waliopata mionzi pamoja na dawa yenye sisplatini walifariki kwa kiwango cha chini kuliko wenzao, kwa asilimia 30 hadi 50. Tangu hapo matibabu ya pamoja yakawa kanuni duniani. Mwaka 2008 watafiti walikusanya takwimu za mgonjwa mmoja mmoja kutoka majaribio 18, na picha ikawa ya kiasi zaidi. Kati ya wanawake 100 waliopata mionzi peke yake, 60 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kati ya 100 waliopata mionzi na dripu, walikuwa hai 66.

Watu sita kati ya mia. Anayesoma karatasi huona ni tofauti ndogo. Kwa usharika wenye akina mama mia moja, hao sita wana majina, wana wajukuu wanaowalea na mashamba ya kahawa yanayowategemea.

Lakini katika utafiti huo huo kuna jambo ambalo kwetu sisi wa Mbinga na Nyasa lina uzito kuliko hiyo sita. Faida haikuwa sawa kwa wote. Kwa waliokuja katika hatua za mwanzo, matibabu ya pamoja yaliwaongezea watu 10 kati ya 100. Kwa waliokuwa katika hatua ya pili iliyosogea, 7. Kwa waliofika katika hatua ya tatu na mwanzo wa nne, 3 tu. Na ni jambo linalojulikana kwa madaktari wetu kwamba wanawake wengi wa Tanzania hufika hospitali ya saratani katika hatua ya tatu au ya nne. Kwa maneno mengine, dawa ni ile ile, mashine ni ile ile, bali miezi iliyopotea kati ya damu ya kwanza na safari ya kwanza huondoa sehemu kubwa ya faida ambayo tayari imegharamiwa.

Sayansi haijasimama hapo. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio liitwalo INTERLACE, lililohusisha wanawake 500 wa Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Nusu yao walipewa dripu za aina nyingine kwa wiki sita kabla ya kuanza mionzi na sisplatini. Baada ya miaka 5, asilimia 80 yao walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 72 ya wale waliopata matibabu ya pamoja ya kawaida. Dawa zilizotumika si ngeni wala si za gharama ya kutisha. Hata hivyo waliopata madhara makali walikuwa asilimia 59, dhidi ya 48 kwa kundi la pili. Kila hatua ya kuongeza uhai imekuja na mzigo wake juu ya mwili wa mgonjwa, na mzigo huo ndio tunaougeukia sasa.

Ratiba ya wiki nane

Taasisi ya Saratani Ocean Road ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, katika majengo ya hospitali ambayo Wajerumani waliijenga ufukweni miaka ya 1890. (Barabara iliyoipa jina imeitwa Barack Obama tangu 2013, lakini mgeni akiuliza "Ocean Road" ataelekezwa bila shida.) Mashine za kisasa zinazotumia umeme badala ya kobalti zilifungwa hapo mwaka 2018. Bugando, Mwanza, nako mionzi inatolewa, ila kwa mtu wa Ruvuma njia iliyozoeleka bado ni ile ya Songea, Njombe, Makambako na Morogoro. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mbinga mjini. Lami sasa inafika hadi Mbamba Bay, jambo la kumshukuru Mungu, ila kwa anayetoka Chiwindi au vijiji vya juu ya Litembo safari huanza kabla ya lami.

Kabla ya matibabu mgonjwa huchukuliwa kipande cha nyama ili kuthibitisha ugonjwa, hupimwa damu, figo na Virusi vya UKIMWI, na hupigwa picha. Kisha hupata mionzi ya nje siku tano za wiki, kwa muda wa wiki tano hivi. Kila mara ni dakika chache na haina maumivu yoyote wakati inapotolewa. Mara moja kwa wiki hupewa sisplatini, jumla mara tano au sita, pamoja na maji mengi ya dripu ya kuosha figo. Mwishoni huja mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huingizwa hadi kwenye mlango wa kizazi kwa muda mfupi na kuondolewa. Hatua hii ya mwisho ndiyo ambayo mgonjwa aliyechoka hushawishika kuiacha, akiona damu imekwisha kukatika na uvimbe umepungua. Asiiache. Bila mionzi ya ndani uwezekano wa kupona hupungua sana.

Yote haya yanatakiwa yakamilike ndani ya wiki nane. Tafiti zimeonyesha kuwa kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezo wa kuudhibiti ugonjwa kwa kati ya nusu asilimia na asilimia moja. Hebu tupige hesabu. Mama anayerudi nyumbani wiki mbili katikati ya matibabu, kwa sababu fedha zimekwisha au kwa sababu ya msiba, anaweza kupoteza zaidi ya zile nafasi 6 ambazo dripu zilimpa. Amevumilia kutapika bure.

Madhara, na nani wa kuyaona

Madhara ya mwanzo huanza na kichefuchefu na kutapika, siku ya dripu na mbili tatu zinazofuata. Dawa za kuzuia kutapika zipo na hutolewa kabla ya dripu. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu mionzi huwasha utumbo na kibofu, na mgonjwa huharisha na kusikia moto akikojoa. Ngozi ya kinena huweza kuwa nyeusi na kuchubuka. Uchovu huja polepole na kuzidi kila wiki, na si uvivu.

Yasiyoonekana ni hatari zaidi. Sisplatini huumiza figo, na ndiyo maana mgonjwa huhimizwa kunywa maji ya kutosha, lita mbili hadi tatu kwa siku. Anayeharisha na kutapika halafu akakosa mtu wa kumletea maji au uji, figo zake zinaweza kuharibika ndani ya siku chache, na daktari atalazimika kusimamisha dripu. Dawa hiyo pia huweza kupunguza usikivu, kuleta mlio masikioni na ganzi kwenye vidole. Chembe nyeupe za damu hushuka, hivyo homa kwa mgonjwa huyu ni dharura ya usiku huo huo, si ya kusubiri asubuhi. Damu hupungua pia. Wengi hufika wakiwa tayari wana upungufu wa damu kutokana na miezi ya kutokwa, na mionzi hufanya kazi hafifu katika mwili wenye damu kidogo, kwa hiyo huongezewa. Ndugu wa mgonjwa huombwa kuchangia damu. Mtu aliyesafiri na binti mmoja tu wa miaka 16 atampata wapi mchangiaji?

Nywele za kichwani kwa kawaida hazinyonyoki zote kwa dozi hii. Tunalisema kwa sababu lipo neno linalozunguka kuwa ukiona nywele zimebaki basi dawa uliyopewa ni hafifu. Si kweli.

Yapo madhara yanayokuja baada ya miezi au miaka: damu kwenye choo au mkojo, na kwa wachache tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa, hasa pale ambapo saratani yenyewe ilikwisha kula sehemu hizo. Ovari huacha kazi. Mama wa miaka 35 hukoma hedhi na hatazaa tena. Hili aelezwe yeye, na mumewe akiwapo, kabla ya kuanza.

Na lipo lile ambalo vikao vyetu haviligusi. Mionzi huufanya uke kuwa mwembamba, mkavu na wenye makovu. Asipoelekezwa jinsi ya kutumia kifaa cha kuutanua au asipotumia vilainishi, tendo la ndoa huwa maumivu matupu, na hata daktari hushindwa kumpima vizuri baadaye. Wapo wanawake ambao saratani haikuwaua lakini ndoa zao zilivunjika kwa jambo hili, kwa sababu mume alidhani amekataliwa na mke alidhani ni aibu kusema. Tunawaomba wachungaji na akina mama wa Umoja wa Wanawake walizungumze na wanandoa faraghani. Wote wawili waambiwe kwamba saratani haiambukizwi kwa mume kwa kujamiiana, na kwamba mgonjwa aliyemaliza mionzi habaki na mionzi mwilini. Anaweza kupika, kumbeba mjukuu na kulala kitanda kimoja na mumewe.

Yanayosemwa kijijini

Mgonjwa anaporudi akiwa amekonda kuliko alivyoondoka, huwa rahisi kusema kwamba mionzi imemuunguza. Jirani mwenye dalili zile zile husikia, naye hubaki nyumbani na mizizi. Kwa hiyo anayerudi aandaliwe mapokezi ya watu wanaoelewa kuwa kukonda kwa miezi miwili mitatu baada ya matibabu ni jambo linalotarajiwa.

Kuhusu dawa za mitishamba, ombi letu ni moja: mgonjwa asizinywe katika wiki hizo nane bila daktari kujua. Baadhi ya mizizi huumiza figo, na figo tayari zina kazi ya kuiondoa sisplatini.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kulisema hili kwa unyenyekevu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kupata kikombe cha mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Saratani ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa. Watu wengi walikwenda kwa imani ya kweli, na hatuwahukumu. Lakini wapo walioacha dawa zao baada ya kunywa. Mzee Mwasapile alifariki mwaka 2021, ila tabia ya kusimamisha matibabu ili kujaribu kikombe cha mtu mwingine haikuondoka naye. Kumwombea mgonjwa hakuhitaji asimamishe dripu hata siku moja.

Fedha ziende wapi

Utaratibu uliozoeleka katika mifuko yetu mingi ni kutoa nauli ya kwenda na kiasi kidogo cha kujikimu, kisha kungoja habari. Habari ikiwa mbaya, mchango wa pili hupatikana upesi. Gari la kusafirisha mwili kutoka Dar es Salaam hadi Mbamba Bay, sanduku na chakula cha waombolezaji huchangiwa ndani ya siku mbili, na kila mtu hutoa. Hatusemi msiba usichangiwe. Tunasema kwamba jamii inayoweza kukusanya fedha hizo ndani ya siku mbili ina uwezo wa kumtunza mtu mmoja Dar es Salaam kwa wiki nane, ila imezoea kutoa mwishoni.

Kwa hayo tuliyoyaeleza, mgonjwa anahitaji msindikizaji mtu mzima anayekaa naye mpaka mwisho, mahali pa kulala karibu na hospitali kwa wale wasiolazwa, chakula laini na maji ya kunywa kila siku, nauli ya kurudi iliyowekwa pembeni na isiyoguswa, na watu wa kuchangia damu. Hilo la mwisho halihitaji fedha. Sharika za Dar es Salaam zina vijana na vikundi vya akina mama, na kanisa kuu la Azania Front halipo mbali na Ocean Road. Barua moja ya utambulisho kutoka kwa mchungaji, iliyotumwa kabla mgonjwa hajapanda basi, inaweza kumpatia mchangiaji damu, uji wa moto na mtu wa kumpigia simu usiku wa homa.

Aidha, kamati zisipeleke bajeti ya wiki tano kwa kuwa karatasi ya hospitali imeandikwa mionzi siku 25. Kuna siku za vipimo kabla ya kuanza, kuna foleni, kuna siku ambazo damu ikiwa chini dripu husogezwa, na kuna mionzi ya ndani. Pale mgonjwa anapokuwa na bima ya afya, kamati ihakikishe kabla ya safari ni mambo gani bima inayalipia. Asiye na uwezo apewe barua ya serikali ya kijiji ya kupeleka ustawi wa jamii hospitalini.

Liko pia suala la majira. Kahawa yetu huvunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, na malipo ya chama cha ushirika huja baadaye. Mama wa Mbinga anayegundulika mwezi wa pili huambiwa asubiri kahawa, na wa kando ya ziwa husubiri mpunga au usipa wa msimu. Ugonjwa uliokuwa hatua ya pili mwezi wa pili waweza kuwa wa tatu kufikia Oktoba, na tumekwisha kuona hatua hiyo inapunguza faida kutoka watu 7 hadi 3. Mfuko wa usharika unaweza kuziba pengo hilo kwa kumkopesha mgonjwa mwezi wa pili ili familia irudishe baada ya mauzo. Wafadhili waliotuuliza mchango wao unaokoa nini wanaweza kuiweka miezi hiyo katika hesabu zao.

Si kila mgonjwa

Tusiwapeleke wote kwa matumaini yale yale. Saratani inapobana mirija ya mkojo na figo zikashindwa, sisplatini haiwezi kutolewa, na mgonjwa hupata mionzi peke yake, ambayo bado inaponya baadhi. Ilipokwisha kuenea mbali, daktari hutoa mionzi ya siku moja au chache kwa ajili ya kukata damu na kupunguza maumivu. Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji bajeti ya wiki nane. Anahitaji kurudi nyumbani upesi akiwa na tiba shufaa: morfini ya kunywa, mtu wa kumwosha, na mchungaji anayemtembelea bila kukunja pua kwa harufu. Hospitali ya kanisa letu ya Selian, Arusha, ni miongoni mwa walioitangulia nchi hii katika huduma hiyo. Kamati ziulize katika hospitali iliyo karibu, iwe Litembo, Liuli, Peramiho au ya mkoa Songea, morfini inapatikana wapi, kabla hajatokea mgonjwa wa kuihitaji.

Wanaoishi na Virusi vya UKIMWI wanaweza kupata matibabu ya pamoja na wasiache dawa zao za kila siku. Wasafiri nazo za kutosha miezi mitatu, pamoja na kadi ya kliniki.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kamati

Katika miaka mitatu iliyopita, usharika wetu ulichangia kiasi gani kwa misiba ya watu waliougua saratani, na kiasi gani kwa matibabu yao wakiwa hai? Mtunza hazina aje na daftari.

Ni nani katika kila mtaa ambaye mama mwenye kutokwa damu anaweza kumwambia bila aibu, na mtu huyo anajua siku za upimaji kwa siki katika kituo kilicho karibu?

Mgonjwa akipewa rufaa Jumatatu ijayo, ni nani atakayesafiri naye na kukaa wiki nane, na ni nani atakayemlimia shamba lake na kuwatunza watoto wake wakati huo?